Kanda Nne za Baba Kidoti

Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likigongwa ubavuni, yeye ndiye anayelala chini yake na nyundo na kulisukuma bati kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka lisahau kwamba liligongwa. Kisha anachukua grenda na kusugua. Miaka kumi na tisa grenda hiyo imelia karibu na kichwa chake kama mtoto asiye na wa kumbembeleza. Gereji wanamwita Nyundo. Nyumbani ni Baba Kidoti, maana binti yetu alizaliwa na doa jeusi shavuni, na bibi yake akasema mtoto kaja na jina lake, tusijisumbue.

Ukiingia chumbani kwetu utaona kitanda, kabati la mlango mmoja, ndoo mbili za maji, na juu ya kabati redio kaseti ya spika mbili. Kando ya redio zimesimama kanda nne, na hakuna anayeruhusiwa kuzipangusa vumbi ila mwenyewe. Hizo nne ndizo kazi yote iliyorekodiwa na kundi analolipenda kuliko makundi yote. Jina lao la kizungu sijawahi kulitamka likatoka sawa, kwa hiyo nyumbani tunawaita Kikosi. Wanapiga roki nzito, ile ya metali, magitaa yananguruma na mwimbaji analia kama aliyebanwa kidole na mlango. Ni watu wanne, na kila mmoja alikuwa tayari na bendi yake, tena kwenye bendi hiyo ndiye mkubwa. Wakakutana, wakatoa albamu tatu, wakarekodi onyesho moja jukwaani, wakaachana.

"Ni kama timu ya taifa," alinieleza nilipokuwa bado bibi harusi mgeni wa makelele. "Unachukua nyota mmoja huku, mmoja kule. Shida si kucheza. Shida ni nani atamwachia mwenzake mpira."

Mama mkwe, anayekaa chumba cha pili, alidakia kutoka uani. "Mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Hawa ni wanne, mama, na zizi lilikaa miaka sita."

"Ndiyo maana wanapiga makelele."

Nilianza kuona mambo nikiwa na mimba ya miezi mitano. Namuuliza sabuni iko wapi, ananijibu Jumanne. Namwambia maji yamekatika, anasema amemsalimia. Mwanzo nilicheka. Baadaye nikaona kwamba nikiongea ananitazama mdomoni, na kwamba akikaa na watu anachagua kiti cha kushoto, ili sikio la kulia liwe upande wao. Mtu akitaka kuficha kitu hujipanga, naye alikuwa amejipanga vizuri sana.

Tulikwenda kwa mtaalamu wa masikio Kidoti akiwa na wiki sita. Wakamwingiza kwenye kijumba chenye dirisha la kioo, wakamfunika masikio, wakampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Mimi nilikaa nje na mtoto. Nikamwona anabonyeza, anabonyeza, nikafurahi. Kisha nikagundua macho yake yalikuwa kwenye kidole cha mtaalamu. Kila kidole kilipogusa mashine, naye anabonyeza. Mtaalamu naye akaliona hilo. Akainuka taratibu, akakigeuza kiti cha mume wangu kikaangalia ukuta. Baada ya hapo mkono wake ulitulia juu ya goti muda mrefu.

Tulipewa karatasi yenye mstari unaoteremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Haya yaliyokwenda hayarudi," mtaalamu alisema, akiongea kwa nguvu na kumtazama usoni. "Yaliyobaki ni kama kipande cha sabuni. Kila ukikitumia kinapungua. Uache grenda. Na zile spika za kuchomeka masikioni uziache kabisa."

"Nikiacha grenda nitanyoosha magari kwa kuyaomba?"

Mtaalamu hakucheka. "Una muda kidogo. Mwaka, pengine usifike."

Nyumbani mama mkwe alitusubiri mlangoni. Nilipomweleza, alishika kiuno, akasema, "Si nilisema mimi. Sikio la kufa..." Akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, akazianika upya zote, moja moja.

Sasa niseme alichokuwa anakitaka. Kwenye simu kuna kundi la mashabiki wa metali, watu kama sabini, wengi hawajawahi kuonana. Kila mwezi mmoja wao anaandika uchambuzi wa bendi moja, albamu kwa albamu, na wengine wanausoma na kubishana wiki nzima. Huko mume wangu haitwi Nyundo. Wanamwita Mwalimu. Mtu akiuliza jambo lolote la Kikosi, wanamjibu, "Msubirini Mwalimu atoke kazini." Mtu huyu aliacha shule akiwa bado anavaa kaptula, na sehemu pekee duniani anayoitwa mwalimu ni ile. Zamu yake ya kuandika ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa.

"Nataka niandike wakati bado naweza kurudisha kanda nyuma na kuhakikisha," aliniambia. "Kiziwi akiandika habari za muziki ni muongo. Mimi sitaki kuandika uongo, mama Kidoti. Nataka niandike nilichosikia kwa masikio yangu, basi, halafu yaende yanakokwenda."

Vidole vyake vimepasuka na kwenye simu vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo, kwa hiyo mwandishi nikawa mimi. Tukanunua daftari kubwa. Jioni akitoka kazini, jua likiwa bado dirishani, anaoga, anaegemeza sikio la kulia kwenye spika, anasikiliza kipande, anasimamisha, ananiambia, naandika. Mimi nimekaa kitandani, Kidoti ananyonya, daftari liko juu ya mto.

Albamu ya kwanza tuliimaliza kwa wiki mbili. Aliniambia waliirekodi kwa siku kumi na moja, chumba kimoja. Katika wimbo wa tatu mpiga dramu anaingia mapema, anakosea, na mpiga gitaa badala ya kuendelea anamsubiri. "Umesikia? Hapo. Wangeweza kufuta na kurudia, wakaacha. Hapo ndipo walipofahamiana." Alikirudia kipande hicho mara sita. Mara ya sita na mimi nikasikia. Ilikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni akimshikia mlango mwenye mizigo. Sikuwahi kufikiri kwamba katika makelele yale kuna mtu anamsubiri mtu.

Ya pili ndiyo aliyoipenda kuliko zote, na ilichukua kurasa sita. "Andika: hii ni albamu ya watu wanaokimbia kitu. Kila wimbo una haraka kuliko zote za albamu ya kwanza. Sauti ya mwimbaji imepanda, haijawahi kupanda hivi kabla wala baadaye. Huyu mtu anaogopa. Amejua kwamba kundi litavunjika na anataka kumaliza kabla halijavunjika." Aliongea macho yamefungwa, na mikono yake ambayo kutwa nzima inapiga bati ilikuwa imetulia. Nilimwonea wivu kidogo. Sijawahi kujua kitu kwa namna ile.

Ya tatu kila mmoja alirekodi kwake, mji wake, wakatumiana vipande. "Dramu zimemaliza, gitaa bado linaongea. Hakuna anayemsubiri mwenzake. Ni kama watu wanaokula meza moja, kila mtu kashika simu yake." Nikaandika.

Tulipofika kwenye kanda ya onyesho, ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa, na mambo yalikuwa yamebadilika. Kuna mahali mwimbaji anasahau maneno, watu wanamwimbia, na mpiga besi anacheka karibu na kipaza sauti. "Sasa anacheka," mume wangu aliniambia, akitabasamu, shavu kwenye spika. Lakini mpiga besi alikuwa hajacheka. Alicheka baadaye, mume wangu akiwa ameshainua kichwa na kuanza kuniandikisha sentensi. Niliandika tu alivyosema. Niliona kwamba sasa anasikiliza kilichomo kichwani, na spika anaiegemea kwa mazoea.

Rafiki yake mmoja, mpiga rangi wa gereji, alikuja Jumapili na kuniwekea albamu zote za Kikosi kwenye simu. "Shemeji, hizi kanda zitakatika siku moja, mtalia," alisema. "Hii ni sauti yenyewe ya studio, safi. Mpigie huyu bwana wako."

Mume wangu akaiweka sikioni dakika moja, akaniachia. "Simu inatoa mchanga tu," alisema. "Kanda zinanitosha."

Siku iliyofuata, yeye akiwa kazini, nilichomeka spika za masikioni mwenyewe. Nilitaka kuusikia tena mlango ule unaoshikiwa mtu. Nikasikiliza ya kwanza, nikaingia ya pili, Kidoti kifuani. Hapa niseme jambo la kina mama. Mimi sina saa ya ukutani, na miezi ile yote nilikuwa nimezoea kumnyonyesha kwa nyimbo. Wimbo wa tano wa albamu ya pili unatosha titi la kushoto. Ukianza anashika, ukiisha anaachia, namweka begani anabeua. Siku hiyo alishika, akanyonya, akaachia, akabeua, na wimbo ulikuwa bado unaendelea. Nikadhani mtoto hakushiba. Kesho yake ikawa vile vile.

Nikawasha kanda, nikatazama saa ya simu. Dakika nne na nusu. Nikapiga ule wa simu. Dakika tano. Nikapima wa kwanza, wa pili, wa saba. Zote za kwenye kanda zilikuwa zinawahi kumaliza, na sauti ya mwimbaji kwenye kanda ilikuwa nyembamba, kwenye simu nzito, sauti ya mwanamume mtulivu aliyekaa. Kanda nyingine tatu nilizipima zikalingana. Ya pili peke yake ndiyo ilikuwa inakimbia.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Uchambuzi ulikuwa uende Jumamosi. Nikinyamaza, watu sabini wenye ile ya simu watasoma kurasa sita za haraka na hofu ambazo hazimo, na Mwalimu atakuwa kichekesho. Nikisema, atasahihisha kwa sikio gani? Nilimtazama anakula, anainua macho kila nikifungua mdomo, asije akapitwa na neno. Nilijaribu kumwuliza mama mkwe, bila kutaja kitu.

"Mama, mtu akikosea na hawezi tena kurekebisha, aambiwe?"

"Kakosea nini?"

"Si kitu kikubwa."

"Kama si kitu kikubwa mbona hulali?" Akaendelea kuchagua mchele. "Mimi baba mkwe wako alikufa nikiwa nimemficha mambo mawili. Mpaka leo namweleza kaburini. Hajibu."

Ijumaa alirudi mapema, umeme ulikatika gereji. Nikakaa mbele yake, nikaongea kwa sauti ya kutosha, mdomo wazi. Nikamwonyesha karatasi niliyoandika dakika, kanda upande huu, simu upande huu. Ni mtu wa vipimo. Akaisoma kama anavyosoma bati, kidole kikipita juu ya kila namba. Hakubisha. Kisha akasema, "Mkanda wa tyubu."

Sikuelewa. Akanieleza akiwa anatazama sakafu. Kanda tatu zilikuwa za dukani zenyewe, alizipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Ya pili hakuipata. Kulikuwa na bwana mmoja anayerekodi kanda dukani kwake, alikuwa nayo, lakini mashine yake imekatika ule mkanda wa mpira unaozungusha ndani. Mume wangu wakati huo ana miaka kumi na saba, ndiyo kwanza ameingia gereji. Akamwambia, mimi nitakutengenezea mkanda, wewe nirekodie. Akakata uzi mwembamba wa mpira kutoka kwenye tyubu ya tairi, akaupima, akaufunga. Mashine ikazunguka. Wakashangilia.

"Tyubu inavutika," alisema. "Sasa hivi mtoto yeyote wa gereji angeniambia tyubu inavutika. Ilikuwa inateleza. Mashine ilirekodi pole pole, kwa hiyo kwenye redio iliyo nzima inakimbia." Akavuta pumzi. "Nilidhani anaogopa. Kumbe ni mimi."

"Baba Kidoti, mbona hata hivyo..."

"Nipe simu."

"Mtaalamu alisema."

"Nipe simu, mama watoto."

Akachomeka zile spika ndogo masikio yote mawili, akapandisha sauti mpaka mwisho. Mimi nikiwa kitandani nilikuwa nasikia kila neno. Akaipiga albamu nzima, tangu mwanzo, nyimbo tisa. Jasho lilimtoka. Kidoti akaanza kulia nikamtoa uani. Niliporudi alikuwa ameanza tena. Nikamshika mkono akautoa taratibu, bila ukali. Mara ya tatu alizivua yeye mwenyewe katikati.

"Simpati," alisema, kwa sauti kubwa bila kujua kwamba ni kubwa. "Nasikia kitu kama mtu anakoroga mchanga nyumba ya jirani. Halafu yule wa kwenye kanda anaanza kuimba humu ndani, anamfunika. Huyu yuko pole pole, yule anakimbia mbele. Kila nikijaribu kumsubiri huyu, yule ameshafika."

Usiku masikio yalimlia, asubuhi la kushoto lilikuwa limekwenda kabisa. Nilimwita upande ule mara tatu nikiwa nimesimama hapo hapo. Mama mkwe alikuwa mlangoni akaona. Akamchukua Kidoti mikononi mwangu bila kuulizwa, akaenda naye chumbani kwake na kufunga.

Ilikuwa Jumamosi. Baba Kidoti alifungua daftari, akafika kwenye kurasa sita za albamu ya pili, akachukua rula ya kazini, ile ya chuma, akaiweka kwenye kona na kupiga mstari. Ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Mistari iliyonyooka. Kisha akanipa kalamu.

"Andika: albamu ya pili sijaisikia."

Nikamtazama usoni na kusema pole pole ili anisome. "Umeisikia miaka kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa nimesikiliza mpira wa tyubu. Andika."

"Niandike basi ninavyoisikia mimi. Nitakueleza, wewe utapanga maneno. Mwimbaji ana sauti nzito, ametulia, ni kama..." Nikatafuta neno. Nilikuwa nimezisikiliza nyimbo zile kutwa nzima siku mbili, na nilichokuwa nacho mdomoni ni kwamba ametulia. Sikuwa na la pili. Aliningoja, macho kwenye midomo yangu, kwa heshima, kama angengoja mteja aeleze gari limegongwa wapi.

"Unaona," alisema. "Hilo haliandikwi na mtu wa kuambiwa."

Nikaandika alivyotaka. Nikanakili yote kwenye simu, ya kwanza, ile sentensi moja, ya tatu, ya onyesho. Kwenye onyesho palikuwa na mpiga besi anayecheka mahali pasipo pake. Nikasita. Nikakihamishia kicheko mahali kinapotoka, sikumwambia. Hilo ni langu, nalibeba.

Majibu yalianza kabla ya saa sita. Wengi waliipenda ya kwanza. Mmoja aliandika, "Mimi ile dramu ya kuwahi nimeisikia leo mara ya kwanza, na albamu ninayo tangu utoto." Mwingine akauliza kama Mwalimu anatania, haiwezekani hajaisikia ile ya pili, ndiyo aliyokuwa anawabishia nayo miaka yote. Wakacheka hapo, vichekesho vya kwenye simu, nyuso za manjano safu nzima. Kisha mwenyekiti wa kundi akaandika kwa upole, "Mwalimu, usijali. Isikilize kwa nafasi yako, hata mwezi ujao au mwakani. Sisi tutakusubiri."

Mume wangu alikuwa ameshavaa ovaroli ya kazini. Kuna gari liliingia jana limebonyea mlango wa nyuma na mwenyewe analitaka. Alisimama mlangoni, sikio la kulia kwangu.

"Wamesemaje?"

Nikasogea karibu, nikamsomea yale ya mwanzo, ya dramu. Akaitikia kwa kichwa. Nikamsomea ya mwenyekiti, kwa sauti, neno kwa neno. Nilidhani hakusikia, nikataka kurudia.

"Waambie wasisubiri," alisema, akachukua mfuko wake wa nyundo akaondoka.

Bibi alikuwa amemrudisha Kidoti. Nilimpakata nikaandika. Akapeleka mkono wake uliolowa mate kwenye kioo, akaongeza herufi zake nyingi. Nikazifuta, nikaacha maneno mawili ya baba yake: msisubiri, na asante. Hiyo asante niliiongeza mimi. Nikatuma.